Mshtakiwa Aliyegeuzwa Shahidi: Historia ya Kupima Maji ya Mto Tana

Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola kando ya Mto Tana, mahabusu 85 wa Mau Mau walitolewa kwa nguvu kwenda kuchimba mifereji ya mradi wa umwagiliaji. Walikuwa wameigomea kazi hiyo, kwa kuwa hakuna mahakama iliyokuwa imewahukumu kuifanya. Walipigwa kwa virungu, na 11 kati yao wakafa. Siku ya pili serikali ya kikoloni ilitoa taarifa iliyosema kwamba vifo vilitokea baada ya watu hao kunywa maji ya gari la maji lililotumiwa na wachimbaji wote pamoja na askari waliowalinda. Kwa maneno machache tu, lawama ilitoka mikononi mwa askari ikatupiwa mto.

Taarifa ile ilijisuta yenyewe. Kama askari walikunywa maji yale yale, mbona hakuna askari aliyekufa? Mtu hahitaji darubini kuliuliza swali hilo; mahabusu waliobaki hai walijua jibu lake kabla jua halijatua. Lakini ujuzi wao haukuwa na uzito mbele ya serikali. Kilichoiangusha hadithi ya maji ni uchunguzi wa maiti, ulioonyesha kwamba watu wale waliuawa na mshtuko na kuvuja damu kutokana na kipigo, na baada ya hapo mjadala mkali katika Bunge la Uingereza mwezi Juni na Julai mwaka ule ule. Hakuna aliyefunguliwa mashtaka ya mauaji. Hata jina la mahali lilionekana zito mno kutamkwa, na kwa miaka kadhaa Hola ikaitwa Galole.

Naanza na Hola kwa sababu historia ya kupima maji huwa inasimuliwa kama safari ya vifaa: kwanza ulimi, kisha maabara, na sasa bakteria waliobadilishwa vinasaba ambao wanafunzi wa vyuo vikuu huwatengeneza ili wabadili rangi wakikutana na sumu. Simulizi hiyo ina ukweli wake, ila imeacha jambo kubwa. Ukiifuata historia hiyo kwenye Mto Tana, kutoka Hola ukashuka hadi Garsen na kwenye delta, utaona kwamba swali lililoamua mambo kila zama lilikuwa ushahidi wa nani unasikilizwa. Hoja yangu ni kwamba kitambuzi-hai, yaani kiumbe kinachotumiwa kama kipimo, kitawafaa watu wa Garsen kwa kadiri tu ambavyo kitauweka ushahidi huo mikononi mwa wanaokunywa maji. Kisipofanya hivyo, kitakuwa chombo kingine cha watu wa mbali kusema habari za mto ambao hawaunywi.

Kupima kwa kutumia viumbe hai si jambo geni katika delta. Kule Ozi na vijiji jirani, karibu na Kipini ambako mto unaingia baharini, wakulima wa Kipokomo humwagilia mpunga kwa nguvu za bahari. Maji yanapojaa, maji ya chumvi, ambayo ni mazito, huingia mtoni na kuyarudisha nyuma maji matamu hata yakapanda kingo. Hapo mkulima hufungua mfereji wake, maji ya mto yakaingia shambani, kisha huuziba kabla chumvi haijafika. Wakati wa bamvua maji hupanda sana lakini chumvi nayo husogea ndani zaidi. Wakati wa maji mafu huenda yasipande hata kufika mdomo wa mfereji. Kipimo chake ni ulimi, na matokeo yake ni mavuno au hasara. Shamba lenyewe nalo husema: majani ya mpunga yakikauka ncha, migomba ikidumaa, miembe ya ukingoni ikianza kufa kuanzia juu, mwenye shamba hahitaji kuambiwa na mtu kwamba bahari imeingia. Wafugaji wa Kiorma na Kiwardei nao wana shahidi wao. Ng'ombe anayesukumwa hadi kwenye maji na akakataa kuyanywa amekwisha kutoa hukumu.

Ujuzi huo haukuachwa uelee hewani. Ulikuwa na taasisi. Kwa Wapokomo, gasa, baraza la wazee, liliamua mambo ya ardhi na mto. Kwa Waorma, matadeda ndio waliosimamia malisho na maji. Kati ya mashamba ziliachwa malka, njia za mifugo kuufikia mto, na mahali pa malka palijulikana na pande zote mbili. Aliyesema maji ya mahali fulani yameharibika alikuwa na pa kulipeleka neno lake, na neno hilo liliweza kuhamisha mifugo au kuchelewesha kupanda. Hapo ndipo nguvu ya kipimo ilipokuwa, kwa maana ulimi wa mkulima ulikuwa na baraza la kuusikiliza.

Atakayenipinga atasema kwamba napamba mambo ya kale, na ana haki ya kusema hivyo. Chumvi huonjeka, kipindupindu hakionjeki. Maji yaliyotulia mtungini, yaliyotiwa shabu hata tope lote likashuka na yakaonekana maangavu, yanaweza kuua familia nzima. James Christie, daktari aliyefanya kazi Unguja, alichapisha mwaka 1876 kitabu kizima juu ya milipuko ya kipindupindu Afrika Mashariki, akiufuata mlipuko wa 1869 na 1870 kwenye njia za misafara kutoka bara hadi Pangani na Unguja. Wala ulimi wala ng'ombe wala mwembe haukutosha kumwonya mtu. Ilibidi kusubiri hadi 1884, Robert Koch alipokitambua kijidudu chenyewe huko Kalkuta. Mwaka mmoja baadaye, 1885, Theodor Escherich alieleza bakteria wa utumbo ambaye leo anaitwa E. koli, na muda si mrefu wataalamu wakang'amua jambo la werevu: hakuna haja ya kutafuta kila ugonjwa majini. Tafuta tu E. koli. Akionekana, kinyesi kimeingia, na kinyesi kikishaingia lolote laweza kuwemo.

Mbinu ya kumnasa E. koli ndiyo inayotupeleka moja kwa moja kwenye kazi ya wanafunzi wa leo, kwa hiyo yafaa tuiangalie kwa karibu. Mwaka 1905 Alfred MacConkey alieleza chakula cha kuoteshea bakteria kilichotiwa nyongo, sukari ya maziwa, na rangi inayogeuka mahali penye asidi. Nyongo huwazuia bakteria wengi ambao hawakuzoea utumbo. E. koli huila ile sukari, akaacha asidi, na asidi ikaigeuza rangi kuwa nyekundu ya waridi. Matone machache ya maji husambazwa kwenye kisahani, kisahani hutiwa mahali penye joto usiku kucha, na asubuhi vidoa vya waridi huhesabika kwa macho. Huo ulikuwa ushindi mkubwa wa afya ya umma. Lakini angalia pia kilichohitajika: chumba safi, joto lisilobadilika, mtaalamu, na barabara ya kufikisha sampuli kabla haijaharibika. Ushahidi wa maji uliondoka ukingoni ukahamia mjini.

Kuhama huko kuna sura yake kwenye Mto Tana. Sehemu kubwa ya maji ya mabomba ya Nairobi hutoka kwenye vijito vya juu vya bonde hili hili, katika milima ya Nyandarua, kupitia bwawa la Ndakaini lililokamilika mwaka 1994 na mtambo wa kutibu maji wa Ngethu. Mtambo kama huo hauwezi kuendeshwa bila kupima. Chini yake yakajengwa mabwawa ya umeme: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Nayo yakapimwa kwa uangalifu, maana kila sentimita ya kina ni umeme unaouzwa. Mto ule ule unapofika Garsen umekwisha kupita mamia ya kilomita za mashamba, malisho na miji, umebeba tope na kila kilichoangukia ndani, na huko hunywewa na watu wengi bila kupita mtambo wowote. Yaani penye hatari kubwa zaidi ndipo penye vipimo vichache zaidi. Mafuriko yaliyopungua nguvu kwa sababu ya mabwawa, na chumvi iliyosogea ndani ya mashamba ya chini, wakulima waliyaona kwanza. Lakini kwa kuwa waliyasema kwa lugha ya mpunga na miembe, maneno yao yaliingia kwenye majalada kama malalamiko, wala si kama takwimu.

Katika hali hiyo ndipo inapofaa kuitazama kazi iliyoanza upande mwingine wa dunia. Januari 2003, chuo cha MIT nchini Marekani kiliendesha kozi ya mwezi mmoja ambamo wanafunzi walipanga vipande vya vinasaba kama fundi anavyopanga nyaya. Mwaka uliofuata kozi ikawa shindano la vyuo vitano, na shindano hilo, iGEM, likaenea duniani. Mwaka 2006 timu ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, iliamua kutengeneza bakteria wa kupima aseniki katika maji ya kunywa. Walianza na jambo ambalo maumbile yalikwisha kulifanya. E. koli ana njia yake ya kujikinga na aseniki: kuna protini inayokalia kipande fulani cha kinasaba kama bawabu mlangoni, na aseniki inapoingia ndani ya seli, bawabu huyo huachia mlango. Wanafunzi walichofanya ni kuweka nyuma ya mlango huo kinasaba kinachomwezesha bakteria kuimeng'enya sukari ya maziwa. Aseniki ikiwepo, mlango hufunguka, sukari huliwa, asidi hutoka, na rangi ya maji ndani ya chupa hugeuka.

Msomaji ameliona jambo lenyewe. Sukari ni ile ile ya MacConkey, asidi ni ile ile, na bakteria ni yule yule. Kwa miaka mia moja E. koli alikuwa mshtakiwa, na kugeuka kwa rangi kulikuwa hati yake ya mashtaka. Edinburgh walimtoa kizimbani wakampandisha kwenye kiti cha shahidi. Kwa historia yetu, kinachovutia zaidi ya ustadi huo ni kwamba kipimo hicho kinaweza kurudi ukingoni. Bakteria waliokaushwa hawahitaji mashine ghali. Huamka wakipata maji, sukari na joto, na jibu lao husomwa kwa jicho. Wengine wamekwenda mbele zaidi: mwaka 2016 watafiti wa Singapore walionyesha E. koli aliyetengenezwa ili azihisi kemikali ambazo vijidudu vya kipindupindu hutumia kuambizana. Kwa kaunti kama Tana River, ambayo ilikumbwa na mlipuko wa kipindupindu ulioanza nchini mwishoni mwa 2022, hilo si jambo la kusoma na kusahau.

Hata hivyo mapingamizi ni mengi, na la kwanza ni zito: watu wa delta hawakuuliza habari za aseniki. Kipimo hujibu swali lililowekwa ndani yake na hukaa kimya kwa mengine yote. Bangladesh, nchi ambayo sehemu yake kubwa ni delta, ililipia somo hili. Kuanzia miaka ya 1970 watu walihimizwa kuacha maji ya madimbwi na kuchimba visima vya bomba ili waepuke vijidudu. Visima vilipimwa kwa macho ya mashaka ya wakati ule, vikaonekana salama. Mwaka 1993 ikathibitika kwamba vingi vilikuwa na aseniki iliyotoka kwenye udongo wenyewe. Ikabidi kupima karibu visima milioni 5 na kuvipaka rangi, nyekundu kwa hatari na kijani kwa usalama. Kwa Garsen maana yake ni kwamba swali litangulie bakteria. Chumvi haihitaji kinasaba. Ulimi na kifaa rahisi cha umeme vinatosha. Kinyesi na kipindupindu vinahitaji zaidi ya ulimi. Dawa za kilimo, katika mto unaopita mashamba mengi kiasi hicho, huenda ndizo zinazohitaji kitambuzi-hai kuliko vyote, kwa kuwa hazionekani, hazionjeki, na maabara ya kuzipima ni ghali. Wa kupanga orodha hiyo ni wale wanaounywa mto.

Pingamizi la pili linahusu viumbe vyenyewe. Je, tunataka kuleta bakteria waliobadilishwa vinasaba kwenye ardhi oevu ambayo tangu mwaka 2012 imeorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, hekta 163,600 za ndege, samaki na mikoko? Hofu hiyo haipaswi kudharauliwa, na Kenya haikuidharau. Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya 2009 ilianzisha mamlaka ya kusimamia viumbe hivyo. Novemba 2012 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa vyakula vya aina hiyo, na ilipoiondoa marufuku Oktoba 2022 kesi zikafuata mahakamani. Jibu langu ni kwamba kipimo si mbegu. Mbegu hupandwa ili isambae, ilhali bakteria wa kipimo wanaweza kufungiwa ndani ya chupa isiyofunguka, wakauawa kwa dawa baada ya jibu. Lakini nakiri kwamba chupa huvunjika, na mafuriko ya Tana hubeba nyumba, sembuse chupa. Ugumu huu wa kisheria na kiusalama ni sehemu ya sababu kwamba wazo la Edinburgh, pamoja na sifa zake zote, halijawa kifaa cha kila kijiji. Kwa hiyo mahali pake kwa sasa ni zahanati na shule zenye mtu wa kuzitunza chupa na kuziteketeza.

La tatu ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu ni la watu wenyewe. Delta imeona damu. Kati ya Agosti 2012 na mwanzoni mwa 2013, mapigano kati ya Wapokomo na Waorma, yaliyochochewa na ugomvi wa malisho, maji, ardhi na siasa, yaliua watu zaidi ya mia moja katika vijiji kama Riketa, Chamwanamuma, Kilelengwani na Kipao. Tia katika hali kama hiyo chupa inayogeuka rangi na kusema kuna kinyesi majini. Kinyesi cha nani? Cha ng'ombe wa malka, au cha kijiji kisicho na vyoo? E. koli hasemi. Wale wenye hasira watamsemea. Hola ilitufundisha kwamba maji yanaweza kusingiziwa kifo yasichokisababisha. Hakuna kinachozuia watu nao wasingiziwe uchafu wasioufanya. Ndiyo maana sikubali kwamba kipimo chochote, hata kiwe sahihi namna gani, kinajitosheleza. Shahidi anahitaji baraza. Matokeo yakisomwa mbele ya gasa na matadeda kwa pamoja, siku moja, mahali pamoja, na chupa ya juu ya malka ikalinganishwa na ya chini yake, yanaweza kuwa msingi wa mapatano. Yakipelekwa upande mmoja tu, ni afadhali yasingepimwa.

Atabaki atakayeuliza kwa nini tujisumbue hivi, wakati ushauri wa kuchemsha maji unajulikana na kila mtu. Waambie wachemshe, basi. Ushauri huo ni mwema, lakini kuchemsha kunataka kuni, na kuni zinataka miguu ya mtu, mara nyingi mwanamke. Kuchemsha hakuondoi chumvi wala dawa za kilimo. Maji yakipungua sufuriani, chumvi huzidi kukolea. Zaidi ya hayo, ushauri huo humbebesha mzigo wote mnywaji, ukawaachia huru wote walio juu yake mtoni. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 humpa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Lakini haki hudaiwa kwa ushahidi. Mwanakijiji anayesema maji ni mabaya hujibiwa kwamba suala lake litaangaliwa. Anayeweka mezani miezi 12 ya vipimo vyenye tarehe, mahali na majina ya waliovishuhudia, ameleta madai ambayo ofisi italazimika kuyajibu kwa maandishi.

Hukumu ya historia hii, basi, si ngumu kuitoa. Ulimi wa mkulima wa Ozi uliweza kuamua mambo kwa kuwa gasa liliusikiliza. Maabara iliona kile ambacho ulimi haukuweza kukiona, lakini ikauondoa ushahidi ukingoni. Mahabusu wa Hola walijua ukweli wote wa maji ya gari lile, na haukuwasaidia kitu hadi uliposemwa na daktari na kusomwa London. Wanafunzi wa vyuo vya pwani na vya bara watakaotaka kutengeneza vitambuzi-hai vya Tana hawatakosa vinasaba wala chupa. Ninalowaomba ni hili: kabla ya kuingia maabara, washuke Garsen wakaulize ni nini kinachohofiwa majini, mwezi gani, na kwenye malka ipi. Na siku watakaporudi na chupa zao, kila tokeo liandikwe nakala mbili, moja ibaki kijijini.